Vidole vya Mama

Fundi wa programu hakupenda siasa. Wanasiasa walane wenyewe kwa wenyewe, alisema, yeye kazi yake kompyuta. Lakini daftari la wapiga kura la nchi nzima lilipita mikononi mwake, na ni yeye aliyeiamuru kompyuta: alama za vidole zisiposomeka, jina lifutwe. Bosi alimsifu kwa wepesi.

Siku ya kura mama yake alirudi mapema, akajitupa kitini.

“Mama, umeruka foleni?”

“Foleni gani, mwanangu? Mashine imekataa vidole vyangu. Eti simo. Karani kaniuliza kama nina hakika ni mimi. Nikamwambia labda mimi ni jirani yangu.”

Alicheka peke yake. Miaka thelathini alifua nguo za watu ili huyu asome, sabuni ikala vidole mpaka vikawa laini kama kioo.

“Wewe si unazijua hizo mashine? Waambie nipo.”



“Nitawaambia, mama,” akasema, akijua fika kwamba jina lililofutwa halirudi mpaka uchaguzi ujao, baada ya miaka mitano, na mama ana themanini na moja.