Mchezo wa Kumfukuza Mgeni

Enzi zetu, sisi tuliokulia London kwenye vyumba vyenye mita ya gesi ya kutumbukiza sarafu, hakuna aliyengoja kualikwa. Jumapili ukifika kwa Bibi, Tooting, unakuta viatu vimejaa mlangoni kama msikitini. Harufu ya vitunguu vya biriani iliingia mpaka kwenye sare zetu za skuli, na walimu wa Kizungu walinusa wakafungua madirisha. Mgeni akiaga kabla ya kula, Bibi alitutuma watoto tukamfiche viatu. Kazi hiyo niliipenda kuliko skuli.

Basi palikuwa na kijana mmoja, Seif, aliyepelekwa kusoma Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, na badala ya kurudi Unguja akaja London. Tulimwita Seif Mjerumani kwa sababu alikuwa hachelewi. Alimposa mama yangu mdogo, Zuwena, na Bibi alikuwa hajatoa jibu. "Namtazama kwanza," alisema kila alipoulizwa, na mama mdogo alizidi kukonda.

Idi ilipofika tulikodi ukumbi, na Seif akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Alitafsiri mchezo wa kuchekesha wa Kijerumani, mfupi, wa tendo moja, aliouigiza chuoni. Mwenye nyumba kajiwa na mgeni asiyeondoka, naye anafanya kila hila kumtoa: anapiga miayo, anazima taa, anaficha mkate. Seif akawa yeye mwenye nyumba. Alituapia kwamba Wajerumani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Sisi hatukucheka. Alipopiga mwayo wa kwanza, kina mama walitazamana. Alipoficha mkate, ukumbi mzima uliguna. Mzee mmoja alijaribu kumwokoa, akapaza sauti, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

"Jembe mtalitoa wapi London?" alijibu Bibi. Akainuka na sahani yake ya biriani, akapanda jukwaani na buibui lake, akamwekea mgeni mbele. "Kula, baba. Huyu hana adabu." Mgeni wa mchezo alikuwa mwanafunzi mwenye njaa ya kweli. Alikula, na mchezo ukaishia hapo.

Nyumbani Bibi alitoa hukumu: mwanawe hamwozi mtu anayeficha mkate. Mama akamwambia ule ni mchezo tu. "Mbona kaficha vizuri hivyo?" Bibi akauliza. Mama mdogo alilia jikoni, nami nikalia naye, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuota gauni la harusi.

Seif akauandika upya. Idi ya pili mchezo ulikuwa uleule, ila umegeuzwa: mgeni anataka kwenda zake, mwenye nyumba hamwachi. Hila za kwetu alizijua, maana alishafichwa viatu mara nyingi mlangoni kwa Bibi. Mgeni alimkimbiza jukwaani na soksi zake, Seif kakumbatia viatu huku akisema, "Basi la mwisho limeshapita!" Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. "Mwambieni alete watu wake," akasema.

Siku hizi watoto wetu wana makochi makubwa na hakuna wa kuyakalia. Kumwona ndugu yako utume meseji, usubiri, upangiwe siku kama unakwenda kung'olewa jino. Juzi nilipita Thornton Heath, nikagonga kwa baba mdogo Seif bila taarifa. Mjukuu wake akafungua mlango nusu, simu mkononi, akaniuliza kwa Kiingereza kama babu yake anajua kuwa nakuja.

"Mwache aingie!" ilisikika sauti kutoka ndani.

Mama mdogo Zuwena tulimzika mwaka jana, na nyumba ile imekuwa kimya mno. Tulikunywa chai, tukamcheka Bibi, tukamlilia kidogo mama mdogo, na mjukuu akatusikiliza bila kugusa simu. Nilipoaga, viatu vyangu havikuwepo mlangoni. Mjukuu alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono nyuma ya mgongo, anajizuia kucheka.

"Basi la mwisho limeshapita," alisema Seif, na ilikuwa saa tisa mchana.

Nikarudi nikakaa.