Jiko la Gesi Kwenye Kibanda Kisicho na Dirisha

Chekeni kwanza mmalize, ndipo nianze, maana habari hii kila nikiisimulia watu hucheka pale ninapotoka mbio na chetezo cha ubani mkononi, na mie hucheka nao. Ndiyo, nilikimbia. Mtu mzima, kanzu nyeupe, kofia ya mkono, nikakimbia mbele ya mtaa mzima wa Kinondoni, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Enzi hizo nilikuwa dobi kwa Bwana mmoja Mzungu kule Oyster Bay. Mke wangu Zaituni alikuwa amerudi kwao Temeke, mwezi wa tatu huo, kwa sababu ya moshi. (Msinikatize, nasema kweli, moshi.) Jiko letu lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, paa la madebe, mlango mmoja, basi. Akipika macho yanakuwa mekundu, anakohoa mpaka anashika ukuta, ananiambia, "Bwana we, nitobolee walau dirisha," nami najibu kesho, na kesho yangu mnaijua ilivyo ndefu. Siku moja akafunga nguo zake kwenye kanga akaenda kwa mama yake.

Basi yule Bwana akamaliza mkataba, anarudi kwao Ulaya, akaniachia jiko lake la gesi, majiko manne juu na oveni chini, pamoja na mtungi wake. Nikalitazama nikaona mke wangu huyo anarudi. Jiko halina moshi! Dirisha la nini tena? Mpishi wa pale, Mzee Faraji, akaniambia, "Kaa hapa nikufundishe, hiki si kitu cha kubahatisha."

"Mzee, miaka minne nakuona ukiliwasha," nikamjibu.

"Umeuona mgongo wangu," akasema.

Na kweli, meza yangu ya pasi ilikuwa barazani, nyuma yake, nilikuwa naona bega linainama, mkono unazungusha kitasa, moto huo. Lakini dobi kufundishwa na mpishi, mbele ya mtunza bustani aliyekuwa anatusikiliza, nikaona ni kujishusha. Nikapakia jiko kwenye rikwama la kusukuma nikaondoka. Hapo ndipo nilipoharibu, yaliyofuata yote yametoka hapo.

Nikapeleka ujumbe Temeke. Mama mkwe akajibu wazi kabisa: "Jumapili nitakuja na mwanangu, nilione hilo jiko kwa macho yangu. Nikiridhika anabaki siku hiyohiyo. Nisiporidhika, utamwandikia talaka yake." Nikamwalika na Mzee Faraji, awe shahidi wangu kwamba jiko ni zima (na, niseme ukweli, aone kwamba nimeweza bila yeye).

Jumapili ikafika. Nikapaka samaki wawili aina ya changu ukwaju na pilipili, nikawatia kwenye oveni, nikazungusha kitasa, nikasikia ssss. Sasa sikilizeni akili yangu ilivyokuwa. Mie nimekulia kwenye mkaa, pasi yangu ya mkaa, jiko letu la mkaa, na mkaa huuharakishi, unauacha ukolee kwanza ndipo ufanye kazi. Nikajiambia na gesi nayo ikolee, kiberiti nitaleta baadaye. Nikafunga mlango wa oveni, nikafunga na mlango wa kibanda upepo usiingie, nikaenda kuvaa kanzu.

Wageni wakabisha hodi wakati huohuo. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Zaituni alikuwa amejitanda kanga mpya, hanitazami, lakini anatabasamu pembeni, na moyo wangu ukatulia kabisa. Mama mkwe hakutaka hata kukaa. "Jikoni kwanza," akasema.

Nilipofungua mlango wa kibanda ikatoka harufu mbaya, kama kitu kimeoza. Nikaona haya mbele ya mkwe, atadhani nalisha watu samaki aliyeharibika, basi nikarudi upesi sebuleni nikachukua chetezo cha ubani nilichowaandalia wageni, makaa yake mekundu, nikarudi nacho kuondoa harufu. Kule barazani Mzee Faraji ndiyo kwanza amefika, anavua viatu, nikamsikia anasema, "Hiyo harufu..." Zaituni alikuwa ameshaingia, mkono ameuweka juu ya jiko, analipapasa. Nikapita kando yake, nikainama, nikafungua oveni.

Mlio ulikuwa mmoja tu. Nyusi zangu na ndevu zikaondoka, samaki mmoja akapiga ukuta, na miguu yangu haikuniuliza kitu. Nikampita mama mkwe mlangoni, nikatoka uani, nikashuka njia hadi kwenye bomba la maji ambako wanawake walikuwa wamepanga madebe yao, na chetezo bado nimekishika, kinafuka moshi. Mmoja akaniuliza, "Kaka, leo unafukiza mtaa mzima?" Wakacheka wote. Na mie nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka, halafu nikakumbuka kwamba tulikuwa wawili mle ndani.

Niliporudi, Mzee Faraji alikuwa ameshafunga mtungi na kumtoa Zaituni nje. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, anamwagiwa maji, halii. Mama mkwe alikuwa ameketi chini mchangani. Hakunipigia kelele. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida, "Baba, mkeo ulimwacha wapi?"

Watu wa mtaa walikuwa wamejaa uani, wote wanasubiri jibu langu. Nikakiweka chetezo chini.

"Kiberiti kwanza, gesi baadaye, na mlango uwe wazi," Mzee Faraji akaniambia taratibu. "Na ukisikia harufu hiyo, funga mtungi, usilete moto. Ni hayo tu niliyotaka kukwambia."

Zaituni ndiye aliyesema la mwisho, wakati wanamwinua kumpeleka hospitali. "Mie nilikuomba dirisha."

Talaka niliiandika mwenyewe, mwandiko wangu ulikuwa mbaya siku hiyo. Nasikia vidole viwili vya Zaituni havikunjiki mpaka sasa. Jiko nilimpa Mzee Faraji, na tangu hapo nikioneshwa kitu nisichokijua nasema sijui, nasema kwa sauti, hata mbele ya watoto, na sitaacha kusema hivyo maisha yangu yote.

Jumamosi iliyofuata Jumapili ile nilichukua mtaimbo nikatoboa ule ukuta. Kazi yenyewe haikufika saa nzima. Napika peke yangu mle ndani, kwa mkaa, na moshi unatoka vizuri kabisa.