Tangi Lililonyweshwa Dawa ya Maua

Mama Samadi alikuwa akiinamia mchoro wa tangi la uchafu kwa upole kama mama anayedarizi shuka la mtoto. Jina hilo alipewa na watu wa sokoni, na ndugu wa mumewe waliliona aibu ya ukoo mzima. "Wahandisi wenzake wanachora maghorofa, yeye anachora mashimo!" Yeye alicheka tu, akaendelea kuchonga penseli. Aliamini Mungu hakuumba kitu cha kutupwa, hata ganda la ndizi.

Tangi la soko lilikuwa lake tangu tofali la kwanza. Alishinda pale na mizani akipima maganda, mboga zilizooza na samadi ya machinjioni, apate kujua tangi liwe kubwa kiasi gani ili uchafu ukae ndani mpaka uchachuke vizuri. Juu akalichora mviringo, lisije likapasukia kwenye kona.

"Hili ni tumbo la ng'ombe," aliwaeleza wajumbe wa soko. "Ndani mna vidudu visivyoonekana kwa macho. Vinakula, halafu, kwa heshima zenu, vinatoa hewa. Hewa hiyo ndiyo gesi ya kupikia."

Wajumbe, kwa heshima zao, wakaziba pua.

Aliyeingojea gesi hiyo kuliko wote ni wifi yake, mpika uji wa sokoni. Moshi wa kuni ulikuwa umemla macho, na daktari alishamwambia achague: kuni au kuona. Kwa hiyo jiko lilipowaka mara ya kwanza, moto wa buluu usio na moshi, wifi alilia machozi ambayo safari hii hayakuwa ya kuni.

Ikatangazwa kwamba mgeni rasmi atakuja kuzindua. Mwenyekiti wa soko, mtu wa tai na kukohoa kabla ya kusema, hakuwaza kingine ila harufu. Asubuhi ya sherehe Mama Samadi alipowasha kiberiti, jiko likanyamaza. Akaenda kunusa mdomo wa tangi.

"Nani katia marashi humu?"

"Si marashi, mama, ni dawa ya harufu ya maua," Mwenyekiti akakohoa kwa majivuno. "Madumu kwa madumu! Inaua vijidudu vyote, hakisalii hata kimoja."

"Basi umewaua wafanyakazi wangu wote, Mwenyekiti, kabla mgeni hajawapa mkono."

Mwenyekiti alitota jasho. Punde akaazima mtungi wa gesi ya dukani, ukafichwa nyuma ya pazia, na mpira wake ukapenyezwa hadi jikoni.

Mgeni akaja, akawasha, moto ukaruka, makofi yakapigwa. "Na hapa hapanuki, pananukia maua!" akashangaa. "Hebu mama mtaalamu, tueleze moto huu unatoka wapi."

Mwenyekiti akakohoa mara nyingi. Mama Samadi hakujua kusema uongo, na uzeeni hakutaka kujifunza.

"Unatoka kwenye mtungi, Mheshimiwa, nyuma ya pazia hilo. Tangi langu ni gonjwa, limenyweshwa dawa."

Mgeni akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama ana utani huyu!" Umati nao ukacheka, maana mkubwa kacheka. Akaagiza kila soko lijengewe mtambo kama ule ule, wenye harufu ile ile, na pazia lisisahaulike.

Sherehe ilipohamia kwenye chakula, mwenye mtungi akaja kuuchukua. Wifi akabaki amesimama mbele ya jiko baridi, huku kuni zikimtazama.

"Sasa wifi yangu, mimi nipikie nini?"

"Leo na siku kadhaa utapikia kuni, nisamehe. Tutalitapisha tangi, tulijaze samadi mbichi, vidudu vizaane upya. Kaa mbali na moshi, uji nitakukorogea mimi. Lakini kwanza nishikie ndoo."

Walikuwa wamezama kwenye samadi hadi viwiko Mwenyekiti alipokuja mbio.

"Mama! Mheshimiwa anakuita mezani, anataka ukae karibu naye!"

"Mwambie nakuja nikimaliza," alisema Mama Samadi kwa upole. "Na akiona nachelewa, aje asaidie. Wewe vua tai, ndoo yako hiyo hapo."