Mtoto Mwenye Uso wa Riziki

Nilipokuwa mtoto, wenzangu walichunga mbuzi, mimi nilichunga Papa. Akikaa, nilikaa ubavuni kwake. Akimbeba mtoto wa mtu mwingine, nilimvuta shati mpaka amweke chini. Mama alikuwa akisema, "Uyu binti atakuya kusumbua bwana yake. Wivu yake inapita hata yangu." Na wivu wa Mama, wee, haukuwa mdogo! Kwa hiyo mtu asinishangae nikisema kwamba mambo haya, yaliyotupata katika vilima vya Masisi miaka michache baada ya uhuru, nayakumbuka kwa tumbo kabla ya kuyakumbuka kwa kichwa.

Tulikuwa watu wa maharagwe na mihogo, kwenye mteremko wa chini ya Bihambwe. Nyumbani tulikuwa Papa, Mama, mimi Zawadi, mdogo wangu Riziki, na Tate. Tate ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama wa Papa, aliyekuja kuolewa kwetu kutoka upande wa Buleusa, kule Walikale.

Riziki alizaliwa mlegevu. Shingo haikukaza, ulimi ulikaa nje, macho yalipanda kidogo pembeni. Ukimpa ziwa, maziwa yalirudi kupitia puani. Siku hizi madaktari wana jina la hali ile, trisomie, wengine husema sindromu ya Down. Wakati ule majina tulipewa na majirani, nao hawakuyakosa. Wengine walisema Mama alimcheka kilema akiwa na mimba. Wengine walisema Papa alilala nje wakati haifai. Kanisani, akina mama waliozoea kupokezana watoto wote magotini, Riziki walimruka. Mama aliona. Tukirudi nyumbani alitwanga sombe ya mihogo kwa hasira mpaka majani yanaruka nje ya kinu.

Tate peke yake hakumtukana yule mtoto. Siku moja alimweka magotini, akamwangalia sana, kisha akatoa neno ambalo mpaka leo sijui kama ni la wazee wa kwao au alilitunga mwenyewe.

"Mutoto wa hivi hakuyaka peke yake," alisema. "Wanatumwaka wawili. Mwenzake iko fasi ingine, na uso ni moja. Siku mutamuona, muchunge nyumba. Itatikisika."

Mama alifanya ishara ya msalaba. Papa alicheka kidogo tu, akatoka kwenda kuangalia maharagwe yaliyoanikwa. Mimi neno lile lilinikaa. Nilianza kuwaangalia watoto wote usoni, hata wale niliokua nikiwaona.

Kwa kuwa ziwa lilimshinda Riziki, Papa alisema atamtafutia maziwa ya ng'ombe. Juu kabisa, kwenye malisho, walikaa wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Miaka ile watu wa jembe na watu wa ng'ombe walikuwa wameanza kuangaliana kwa jicho la pembeni, lakini mtoto mwenye njaa hajui hayo. Papa alibeba kikapu cha maharagwe, akarudi na maziwa. Mwanzoni alirudi kabla jua halijasimama. Halafu akaanza kurudi jioni. Shati lilinuka siagi na moshi wa zizi. Na kibaya kuliko harufu, alirudi na furaha. Mwanaume mwenye mtoto kama yule nyumbani, anafurahia nini?

"Maziwa ya sasa inakamuliwa mbali sana," Mama alimwambia.

"Ng'ombe zinachelewaka kurudi, Mama Zawadi."

"Ni ng'ombe njo zinachelewa, ao ni mwenye ng'ombe?"

Papa alinawa mikono. Mama alilinusa shati lile kabla ya kulifua. Mimi nililinusa baada ya kufuliwa, maana sikuamini kama alinusa vizuri.

Basi ikafika siku ya soko kule Bihambwe. Mama alimbeba Riziki mgongoni, mimi kikapu kichwani. Pale walipokaa wauzaji wa maziwa kulikuwa na kijana mmoja, mkubwa kuliko mimi, ameshika chombo cha mti cha maziwa kwa mikono miwili, anamchekea kila anayepita. Mama alisimama ghafla, nikamgonga mgongoni. Macho yale. Pua ile fupi. Ncha ya ulimi ile ile kati ya midomo. Kwetu hakuna mtu aliyefanana na Riziki, si mimi, si Mama, si Papa, na huyu hapa mtoto wa watu wa ng'ombe amefanana naye kuliko pacha!

"Uyu ni mutoto wa nani?" Mama alimuuliza mwanamke aliyekaa karibu.

"Wa Mama Habimana, wa kule juu. Si kule njo bwana yako anakamataka maziwa?"

Mama hakununua chumvi tuliyoifuata. Alishuka mlima, mimi nikikimbia nyuma yake na kikapu changu. Sikuhitaji kuelezwa. Kijana yule alikuwa mkubwa kuliko mimi, maana yake Papa alikuwa wao kabla ya kuwa wangu. Wivu wa siku ile niliusikia mpaka kwenye meno.

Papa alikuwa akichonga mpini wa jembe nje ya nyumba. Mama hakungoja hata kumfungua Riziki mgongoni.

"Ulizala na mwanamuke wa ng'ombe! Nimemuona mutoto. Uso ni ya Riziki, hata kipofu anaona."

"Mama Zawadi, hapana. Haki ya Mungu, hapana."

"Basi kule unaendaka kufanya nini mpaka jioni?"

Papa alifungua mdomo, akamwangalia Riziki, akaufunga. Eh! Mwanaume akiulizwa na mke wake jambo kama lile akanyamaza, amekwisha kujibu. Tate alisema kutoka mlangoni, "Si nilisema?" Mama akamgeukia, "Tate, na weye nyamaza!" Hakuna aliyewahi kumwambia Tate anyamaze. Hapo nikajua nyumba imetikisika kweli.

Mama alikunja vikwembe vyake vyote akavifunga furushi. Alisema anarudi kwa wazazi wake na Riziki. "Zawadi abaki na baba yake, si njo anapenda." Nililia kama ninachinjwa. Papa nilimtaka, lakini si hivi, si nyumba tupu na mimi mlangoni nikimngoja mtu anayechelewa kwa wengine.

"Lakini mbele ya kwenda," Mama alisema, "nitapanda kule. Nataka kumuona ule mwanamuke na macho yangu."

Kesho yake asubuhi alivaa kikwembe cha kanisani, akajipaka mafuta usoni. Mtu haendi kumwona mke mwenzake na nguo ya shamba. Njia nzima alijizoeza matusi kwa sauti ndogo, na mengine ninayo mpaka leo, yamenisaidia. Papa alitufuata kwa mbali. Tukisimama, naye anasimama.

Mama Habimana alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba. Alitoka zizini mikono imelowa maziwa. Mama hakumsalimu. Alimfungua Riziki akamwinua mbele ya uso wake.

"Muangalie! Utanikatalia?"

Yule mama hakumwangalia Mama hata kidogo. Alisogea, akaufungua mkono wa Riziki, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja uliokata kiganja chote, kama wa mwanawe. Akakaa chini palepale kwenye mavi ya ng'ombe, akaanza kumwita mume wake kwa Kinyarwanda, halafu akageuza kwa Kiswahili, nafikiri ili na sisi tusikie.

"Kuya uone! Kuya! Miaka yote mama yako anasema Habimana nilimuzala na mwanaume wa inje. Haya, na uyu wa watu wa maharagwe, uyu nilimuzala na nani?"

Mume wake alitoka na fimbo yake. Habimana mwenyewe alikuja mbio kutoka kwa ndama, akaweka uso wake karibu na wa Riziki, akamchekea. Mzee yule aliangalia huyu, akaangalia yule. Akavua kofia, akabaki nayo mkononi.

Mama alimrudisha Riziki kifuani. Matusi ya mlima mzima hayakuwa na mtu wa kuyapokea.

"Kumbe hata weye?" aliuliza.

"Hata miye. Bwana alikaa na wivu yake, miye na haya yangu. Hakuna mutu aliniambiaka kama kuko mwingine."

Papa alifika akihema. Wote tulimgeukia. Alisema akiangalia chini.

"Siku ya kwanza nilifuata maziwa tu. Nikamuona Habimana anafungulia ndama, anaziita moja moja na majina yazo. Nikakaa. Nilitaka kuona anakulaka namna gani, anatembeaka namna gani, kama anajua kwao. Kila mara narudiaka kumuangalia."

"Na juu ya nini haukuniambia?"

"Tate alishasema maneno yake. Ningekuambia kuko mutoto wa uso ya Riziki mu nyumba ya mwanamuke mwingine, ungefikiri nini?"

"Ningefikiri kile nilifikiri!"

Mama Habimana ndiye aliyeanza kucheka, mume wake akafuata. Nilimwangalia Mama nikitaka naye acheke, tushuke nyumbani, furushi lifunguliwe. Mama hakucheka. Machozi yalikuwa yanamshuka.

"Miye nilikuwa nalala mukono ku kifua yake, nasikiliza kama angali anapumua," alimwambia Papa. "Nilijua mutoto atakufa. Weye ulijua anaweza kukomaa, anaweza kuita ndama na majina, ukajiwekea peke yako?"

Hata mimi, niliyekuwa wakili wake wa kila siku, sikupata la kumtetea. Kumbe kuna wivu unaopita ule wa mwanamke mwingine. Papa alikuwa amekula tumaini peke yake, na mwenzake wa kitanda kimoja akalala njaa. Siku kadhaa Mama alimwekea chakula bila kumsemesha. Lakini vikwembe vilirudi mahali pake.

Siku ileile kule juu, Mama Habimana hakutuacha tushuke kabla ya kutuonyesha. Alimkalisha Riziki wima pajani, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamnywesha kwa kijiko kidogo kidogo, akingoja ameze kabla ya kuongeza. Hakuna kilichorudi puani. Mama alitazama mikono ile kwa macho ya njaa. Tangu hapo alipanda mwenyewe kila juma, na kikapu chake cha maharagwe. Alifundishwa kumkanda Riziki miguu kwa siagi, kumwita upande huu na upande ule mpaka ageuze shingo, kutomfanyia jambo analoweza kuanza mwenyewe. Naye alimpa yule mama kitu ambacho sikukiona wakati ule, mtu wa kulia naye. Majirani wa chini walisema Mama amerogwa na watu wa ng'ombe. Majirani wa juu walisema vilevile upande wao. Hao wawili waliendelea.

Sasa aliyebaki nyumbani ni Papa, akiangalia njia. Mama akirudi jioni na harufu ya siagi, Papa anauliza, "Mulisema nini mpaka sasa?" Na Mama anajibu, "Mambo yetu." Mimi nilikaa katikati yao, nikimwonea huruma Papa na kumwonea wivu Mama.

Halafu ikaja ile siku. Tulikuwa juu, mimi na Mama. Riziki alikuwa ameanza kusimama akishika shingo ya ndama mmoja mpole ambaye Habimana alimchagua. Siku hiyo aliachia mkono. Alisimama peke yake, anayumba, mguu mmoja umeanza kuinuka. Mama Habimana alipiga kigelegele. Mama akaruka, akamkamata Riziki, akamkalisha chini kwenye majani.

"Unafanya nini?" Mama Habimana alishangaa. "Umuache!"

"Hapana," Mama alisema. "Zawadi, kimbia. Uite baba yako. Umuambie aache jembe palepale."

Nilishuka mlima ule sijui kwa miguu gani. Papa alipanda na udongo mikononi, kifua kinalia. Mama alikuwa bado amemzuia Riziki kwa mikono yote miwili, naye mtoto anapiga kelele akitaka kuinuka. Papa alipochuchumaa upande wa pili, ndipo Mama alipomwachia. Riziki akatembea kumfuata Papa, hatua chache za kuyumba, akamwangukia kifuani, na mimi kwa mara ya kwanza sikuvuta shati la mtu.

Watu hunisifia uvumilivu wa mama zetu wa zamani. Wa kwangu hakuwa nao. Angekuwa nao, angemeza uchungu wake akabaki chini, na Riziki angekomalia kwenye mkeka. Uliompandisha mlima ulikuwa wivu, na mimi niliyeurithi siuombei msamaha. Mpaka leo, nikisikia mtu wangu ana furaha mahali ambapo sijaitwa, nauliza njia, navaa vizuri, naenda.