Tumbo la Pipa

Kwa miaka kumi na tisa Clemensi alitunza boila ya chumba cha kufulia katika hoteli moja iliyo juu ya mji wa Karatu, na kila aliyesimama mlangoni alifundishwa neno lile lile. Mabomba hayaungui, alisema, kwa sababu maji yanapita ndani yake na kuuchukua moto. Lakini pipa la chini, ambamo maji hujivuta polepole, halina mtetezi. Hilo huvishwa ukuta wa matofali ya tanuri. "Moto usilione tumbo la pipa."

Wiki ile ukuta ulikuwa umejengwa upya. Ukuta mpya hukaushwa kwa moto mdogo siku tatu, unyevu utoke taratibu. Ulikuwa umekaushwa siku moja tu, na Jumapili ilikuwa kipaimara cha bintiye, Blandina, huko Ganako.

"Ukuta umeiva, Mama Leonce," Clemensi alimwambia Dorkasi, mfuaji, kabla ya kuondoka. "Tia kuni, mashuka ya wageni yanasubiri."

Jumatatu Clemensi aliporudi alikuta boila imezimwa. Ukuta ulikuwa umeporomoka, na pipa limevimba kama shavu lenye jino bovu.

"Ameacha maji yapungue," alisema Judith, meneja. "Dorkasi, kusanya vitu vyako."

"Hayakupungua, dada. Kioo cha kupimia maji kilikuwa nusu muda wote." Dorkasi akageuka. "Baba Blandina, mwambie. Wewe ndiye unayeijua."

Clemensi akasema ataangalia kwanza. Akaingiza kichwa na mabega tanurini, akaokota tofali. Lilikuwa limepasuka kutokea ndani, limefumka kama bisi. Unyevu uliofungiwa ukutani ulikuwa umegeuka mvuke na kujitafutia njia. Alikaa humo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Gizani hapakuwa na wa kumwona uso.

Nje, Dorkasi alikuwa akisukumia ndala zake mfukoni.

"Fanya haraka," alisema Judith.

Hapo Clemensi akatoka, masizi yamemjaa nyusi.

"Maji hayakupungua. Ukuta ulikuwa mbichi. Ni mimi."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nilipomwachia kuni."

Judith akaondoka kwenda kupiga simu. Dorkasi akazitoa ndala, akazivaa moja moja. Hakumshukuru.

"Nilikuwa namwombea mtoto wako," alisema. "Kila gogo nililotia, namwombea."

Clemensi akachukua fagio, akaanza kufagia matofali ambayo hakuna aliyemwagiza ayafagie.