Mlinzi na Mbwa Aliyesusa

Juzi nilimpeleka paka wangu kwa daktari wa mifugo hapa mjini. Mbele yangu alikuwapo mzee mmoja, mlinzi wa nyumba kule Paje. Tajiri wake amesafiri, na mbwa aliyemwachia alikuwa na siku ya nne hagusi chakula.

"Nnamuogopa, daktari," alisema. "Na nnaogopa atanifia."

"Chakula unampaje, baba?" aliuliza daktari, mwanamke kijana.

"Nnaisukuma sahani kwa ufagio, halafu nnakimbia."

"Basi na yeye anakuogopa. Kaa naye chini, mgeuzie ubavu, usimkazie macho."

Mbwa alikuwa amefungwa uani hapo hapo kwa daktari na dereva aliyewaleta; tukatoka wote. Mzee akamwekea wali na dagaa aliokuja nao, akapiga bismillahi, akakaa kando yake na kufumba macho. Mbwa akanguruma. Kisha tukasikia ulimi ukiramba sahani.

"Anakula," daktari alinong'ona.

"Nnasikia," mzee alijibu, macho bado kayafumba. "Sasa nifundishe kuondoka."

Tumezoea kuambiwa kwamba jasiri haogopi. Mimi nimemwona mmoja aliyeogopa mpaka sahani ikawa tupu, wala hakunyanyuka.