Karatasi ya Miezi Sita

Chumba nilichopanga Kolwezi kilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulitazama barabara ya malori, na hapo niliweka meza, kompyuta iliyochoka na mashine ya fotokopi, nikawaandikia watu barua zao: maombi ya kazi, malalamiko, karatasi za kuuziana pikipiki. Wa nyuma ulifungukia uwanja wa mama mwenye nyumba. Mchana nilikuwa mwandishi wa barua, jioni nilikwenda chuoni kusoma sheria ya biashara. Mwanzoni mama alidhani nasomea kuuza vitu. Nilipomweleza kwamba ni sheria tu, biashara yenyewe hamna, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Sasa ile sheria inashibishaka?"

Haikushibisha, na yeye alilijua hilo vizuri. Kila saa sita mlango wa nyuma ulisukumwa kwa mguu, maana mikononi alishika sahani ya bati, nyeupe yenye maua mekundu, na kifuniko chake. Ndani bukari, ugali wetu wa huku, na sombe ya majani ya muhogo, siku nyingine samaki wadogo wa ziwa la Nzilo. Chumba chenyewe nilikipata kwa maneno matupu. Mwenzake wa kanisani alimwambia kuna kijana mtulivu anatafuta mahali, ikatosha. Chakula hakikuwemo hata katika hayo maneno. Aliniita mwana wangu mbele za watu, na mimi, ambaye wazazi wangu walibaki huko kaskazini ambako simu hushika siku ikitaka, niliitika bila kujiuliza mara mbili.

Nayasema haya ili ijulikane nilikuwa na nini. Niseme pia mapema kwamba mimi ni mtu wa kununa. Nikikwazwa sifoki wala sigombi, nakaa kimya na kupanga.

Siku moja mama alikuwa anasugua sufuria uwanjani, akaniita.

"Mwana wangu, binti yangu anakuya kutoka Musumba. Bwana yake alimuacha, na iko na batoto batatu. Mwisho wa mwezi utanirudishia chumba, eh? Tutakutafutia fasi ingine, hapa hapa karibu."

Nikasema sawa, mama. Nikarudi ndani nikakaa. Kilichoniuma hakikuwa chumba. Huyo binti nilikuwa nimemsikia tangu zamani, lakini kama mtu wa mbali, mtu wa kwenye simu. Sasa niliona wazi kwamba mama ana mtoto wa kumzaa, na mimi ni mtu aliyepanga. Ulikuwa wivu, nisizunguke. Nilikuwa na ndevu za kunyoa kila siku, na nilimwonea wivu mwanamke aliyeachwa na mumewe.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu alifundisha juu ya kupanga mahali pa biashara, kwa ile sheria ambayo nchi yetu inaitumia pamoja na nchi nyingine za Afrika. Alisema mkataba wa mdomo ni mkataba. Alisema mwenye nyumba akitaka mahali pake, lazima atoe notisi kwa maandishi, miezi sita kabla, la sivyo maneno yake ni upepo. Nililiandika neno upepo nikalipigia mistari miwili. Miaka miwili nilikuwa nimekariri habari za makampuni na wanahisa ambao sitawaona maishani, na leo sheria ilikuwa inazungumza juu ya meza yangu na mlango wangu wa mbele. Kichwa kikanivimba. Nikajiambia kwamba mtihani uko karibu, siwezi kuhamahama sasa. Ilikuwa kweli, ila haikuwa sababu.

Ningeweza kufungua mlango wa nyuma nikamwambia, mama, nivumilie nimalize mtihani. Hatua nane, nilikuja kuzihesabu baadaye. Badala yake niliandika karatasi mbili za Kifaransa changu kizuri kabisa, kwamba sitoki bila notisi ya miezi sita, na vifungu vyote vya sheria, nikapeleka kwa yule karani wa mahakama anayefikishia watu karatasi majumbani, tunayemwita huissier. Alisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Imeandikwa vizuri," akasema.

Nilirudi kwa miguu nikijipongeza njia nzima.

Huissier alipofika, mama alikuwa sokoni Kasulo, kwa hiyo karatasi aliiachia jirani. Kesho yake saa sita mlango wa nyuma ulisukumwa kwa mguu. Sahani ilikuja kama kawaida. Chini ya kwapa la mama nikaiona karatasi yangu.

"Kula kwanza, mwana wangu, kisha unisomee hii. Jirani anasema ni ya tribunal. Tangu jana najiuliza, mi niliiba kitu ya nani?"

Mtaa mzima ulikuwa unasomewa karatasi zake na mimi. Nilikuwa nimepima kila kifungu, nimehesabu kila siku ya miadi, na hilo moja sikulifikiria hata kidogo: kwamba mama hajui Kifaransa cha mahakama, na msomaji wake ni mimi.

Nikamwambia ni kitu kidogo tu. Akasema, soma. Nikasoma Kifaransa mbio mbio, nikitumaini kitapita hivyo hivyo.

"Kwa Kiswahili," akasema.

Nikaanza upya. Jina langu lilitangulia, kama mtu anayedai, na lake likafuata, kama mtu anayedaiwa. Nilipomaliza aliweka kidole juu ya karatasi.

"Ni weye uliandika?"

"Ni miye, mama."

"Hapa, ku hii meza?"

"Hapa."

"Na mi nilikuwa kule nyuma."

"Ndiyo, mama."

Aliutazama mlango wa nyuma kwa muda. Kisha akaniuliza, bila ukali, sheria inataka yeye afanye nini. Nikamweleza habari ya maandishi na miezi sita. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa dawa ya kunywa. Alitoka kwa mlango wa mbele na sahani akaiacha mezani. Chakula kile sikukimaliza.

Baada ya wiki alirudi, tena kwa mlango wa mbele, akapanga foleni nyuma ya bwana mmoja aliyekuja na karatasi za pikipiki. Notisi yake aliiandikisha kwa mwandishi wa ng'ambo ya barabara, mshindani wangu, yule ambaye makosa yake ya Kifaransa nilikuwa namweleza mama, tukacheka pamoja.

"Tata mupangaji," akaniita, kama bwana yeyote aliyepanga, "niangalilie kama iko muzuri. Ile mwandishi anakoseaka."

Nilitafuta kosa. Nilitafuta kweli kweli, maana ningelipata ningemwambia aiandikishe upya, na angerudi tena mara moja. Halikuwepo.

"Iko muzuri, mama."

"Basi sinya."

Nikatia sahihi kwamba nimeipokea.

Binti alifika juu ya lori, yeye na watoto wamejaa vumbi la siku nyingi. Walibanana wote katika chumba cha mama na barazani, na asubuhi niliwaona watoto wakikunja mikeka. Saa sita nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Nilijua hakuna anayekuja, lakini macho yalikwenda mlangoni yenyewe. Nilinunua mkate na karanga nikala nikitazama malori. Umeme ulipokatika, na sisi hapa karibu na bwawa la umeme lenyewe, mashine ilinyamaza, nikawasikia wakicheka uwanjani, na mama akicheka kuliko wote. Upweke wa mgeni nilikuwa naujua tangu nilipoingia mji huu. Huu mwingine niliuleta mwenyewe, kwa mkono wangu, na vifungu vyake.

Katika mtihani swali la kupanga lilikuja. Nilipata alama ya kwanza darasani, mwalimu akasoma jibu langu mbele ya wenzangu. Nilifika nyumbani nikiwa na habari hiyo mdomoni na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mwezi wa tatu wa notisi nilishindwa kuvumilia. Nilibisha hodi mlango wa nyuma, kwa mara ya kwanza, nikiwa upande wa ndani. Mama alikuwa anachambua maharage.

"Mama, mtihani umekwisha. Nitahama kesho, watoto waingie."

"Karatasi inasema miezi ngapi?"

"Sita. Lakini mpangaji akikubali mwenyewe kutoka, hakuna kosa."

"Hata ile siku ulikubali," akasema. "Ulisema, sawa, mama."

Akarudia maharage yake. Laiti angenitukana.

Tukangoja, basi, miezi mitatu mingine, wao kwenye mikeka na mimi kwenye chumba. Siku ya mwisho nilipakia mashine kwenye mkokoteni. Mama akaja, akataka niandike kwamba nimerudisha mahali pake. Nikaandika: funguo mbili, wa mbele na wa nyuma. Halafu nikaitoa sahani. Ilikuwa juu ya rafu tangu ile siku, nimeiosha, na sikuthubutu kuipeleka, kwa sababu ikiwa kwangu ilikuwa bado kuna kitu kati yetu. Nilimpa kwa mikono miwili. Aliipokea, akafunua kifuniko, akafunika, akaiweka mezani.

"Andika na sahani," akasema.

Nikaandika: sahani moja ya bati, na kifuniko chake, imerudishwa ikiwa nzima. Nikamsomea yote, kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza chini ya jina langu.